Almasi, Moto na Neno "Ngumu"

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu habari za almasi, naye atakujibu bila ya kusita kwamba almasi ni kitu kigumu kuliko vyote vipatikanavyo ardhini. Mwongeze swali: je, almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo itakuwaje? Wengi watasema nyundo ndiyo itakayoharibika. Na ikitiwa katika moto mkali? Watasema haitadhurika, kwa kuwa ni ngumu. Jibu la kwanza tunaweza kulikubali. Mawili yanayofuata ni makosa, tena ni makosa ambayo mwanafunzi hakuyabuni mwenyewe. Ameyatoa katika neno moja tulilompa sisi walimu, nasi hatukumwonyesha neno hilo linaanzia wapi na linakomea wapi.

Ni maoni yangu kwamba almasi inafundishwa vibaya katika shule zetu, wala sababu si uhaba wa vifaa. Sababu ni kwamba tunamkabidhi mwanafunzi sifa za kitu kabla ya kumpa umbo linalozizaa sifa hizo. Anakariri kwamba almasi ni ngumu, haipitishi umeme, ina kiwango kikubwa cha kuyeyuka, kisha anapewa mchoro mmoja uliobanwa kwenye kona ya ukurasa. Kutokana na mambo hayo hakuna analoweza kulikadiria kwa akili yake mwenyewe.

Kosa lenyewe ni la kale sana, na jina la jiwe hili limelibeba mpaka leo. Neno almasi limetufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni neno la Wayunani wa kale, adamas, maana yake kisichoshindika. Plinius, Mrumi aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kwamba almasi ikipigwa juu ya fuawe huirudisha nyundo, na kwamba huushinda moto hata isipate joto kamwe. Kitu pekee kiwezacho kuilainisha, alisema, ni damu ya mbuzi iliyo mbichi na yenye vuguvugu. Damu ya mbuzi tumekwisha kuiacha. Hayo mengine mawili bado yamo vichwani mwa wanafunzi wetu.

Neno "ngumu" kwa Kiswahili lina kazi nyingi: mti mgumu, ngozi ngumu, mtihani mgumu, mtu mgumu. Katika sayansi hatuna budi kuligawa. Ugumu aliousudia Friedrich Mohs alipotunga kipimo chake mwaka 1812 ni uwezo wa kitu kukwaruza kingine bila ya chenyewe kukwaruzwa. Almasi iko kwenye daraja la 10, yakuti iko kwenye la 9. Uimara dhidi ya pigo ni sifa nyingine kabisa. Mhunzi wa kijijini anaijua tofauti hii pasipo kitabu: patasi ya chuma cha pua iliyotolewa motoni na kutumbukizwa ghafla majini hupata makali ya kukata kila kitu, lakini isipopashwa tena kidogo ili kuituliza, hupasuka kwa pigo la kwanza. Na ustahimilivu wa joto ni sifa ya tatu, ambayo nayo, kama tutakavyoona, ina mambo kadha wa kadha ndani yake.

Tuanze na umbo, maana huko ndiko kwenye ufunguo.

Atomi ya kaboni ina elektroni nne za nje, na katika almasi hizo nne zote hutumika kufunga vifungo na atomi nne jirani. Hapa mwalimu huchukua chaki, akachora msalaba ubaoni: herufi moja katikati, nyingine nne juu, chini, kushoto na kulia. Mwanafunzi anaondoka na picha ya pembe za nyuzi 90, na picha hiyo humkaa kichwani maisha yake yote. Laiti atomi zingekuwa zinaishi ubaoni, mchoro huo ungetosha. Lakini zinaishi katika nafasi yenye marefu, mapana na kina, na vifungo vinne vinavyosukumana vikipewa nafasi hiyo havitajipanga kama msalaba. Vitaachana kadiri vinavyoweza, kimoja kikielekea juu na vitatu vikitawanyika chini kama miguu ya kigoda.

Pembe iliyo baina ya vifungo viwili haihitaji kukaririwa. Mwanafunzi ajuaye kanuni ya kosaini anaweza kuipata mwenyewe kwa dakika tano. Na achukue sanduku la umbo la mchemraba, ambalo kila upande wake una urefu wa 2. Sanduku lina ncha nane. Achague nne kati ya hizo kwa namna ambayo hakuna mbili zinazokaa kwenye ukingo mmoja. Aweke kaboni moja katikati ya sanduku na nyingine nne kwenye zile ncha nne. Umbali kutoka katikati hadi kila ncha ni kipeo cha pili cha 3. Umbali baina ya ncha mbili zilizochaguliwa ni ulalo wa uso mmoja wa sanduku, yaani kipeo cha pili cha 8. Kwa hiyo 8 = 3 + 3 − 6 kos θ, ambapo kos θ ni −1/3, na pembe ni nyuzi 109.5. Hiyo ndiyo pembe ya almasi. Mwanafunzi aliyeikokotoa hivi hataisahau, na akiisahau ataipata tena.

Baada ya hapo atengeneze. Udongo wa mfinyanzi na njiti za ufagio vinatosha. Sioni sababu ya kungoja sanduku la plastiki kutoka ng'ambo. Kila donge lipate njiti nne, kila njiti iende kwenye donge jingine, na pembe ziwe zile zile. Akifikisha madonge ishirini au thelathini ataona mambo matatu ambayo mchoro hauyaonyeshi.

Kwanza ataona kwamba muundo huu hauna mwisho wa kawaida. Hakuna mahali ambapo molekuli moja inakoma na nyingine inaanza. Fuwele nzima, iwe ndogo kama punje ya mchanga au kubwa kama ile ya Cullinan iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, ni kama molekuli moja.

Pili ataona nafasi tupu. Jambo hili huwashangaza hata walimu. Tukizichukua atomi kuwa ni mipira inayogusana, katika shaba mipira hiyo hujaza asilimia 74 ya nafasi yote, lakini katika almasi hujaza asilimia 34 tu. Basi almasi si ngumu kwa sababu ya kushindiliwa kama nafaka ndani ya gunia. Ni ngumu kwa sababu vifungo vyake ni vifupi, vya nanomita 0.154 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), vina nguvu, na vimekazwa pande zote ili hata kimoja kisiweze kuinama bila ya kuwavuta wenzake. Anayejua kujenga paa ataelewa: fito chache zilizofungwa kwa pembe sahihi zina nguvu kuliko rundo la fito zilizolala tu. Hata hivyo, kwa kuwa kaboni ni atomi ndogo na vifungo ni vifupi, nanomita moja ya ujazo ina atomi zipatazo 176, ambapo ya shaba haifiki 90.

Tatu, akiuinamisha mfano wake na kuutazama kwa ubavu, ataona matabaka. Kila tabaka ni kama jamvi la pembesita lililokunjamana. Kila atomi ina vifungo vitatu ndani ya jamvi lake, na kimoja tu kinachotoka kwenda kwenye jamvi la juu au la chini. Hapo ndipo penye udhaifu wa almasi. Patasi ikielekezwa sawasawa na tabaka hizo, fuwele hupasuka kwa uso laini. Pande za namna hiyo ziko nne, na ndizo zinazoipa almasi ghafi umbo lake mashuhuri la nyuso nane, kama piramidi mbili zilizounganishwa chini kwa chini. Joseph Asscher wa Amsterdam alijua hivyo alipoipasua Cullinan mwaka 1908 kwa chuma na pigo. Muundo huu ulithibitishwa kwa miali ya eksirei mwaka 1913 na William Bragg na mwanawe Lawrence, lakini mafundi walikuwa wameusoma kwa vidole vyao karne nyingi kabla yao.

Basi hadithi ya nyundo si upuuzi wa kuchekea. Mchimbaji mdogo aliyeokota jiwe linalong'aa, naye ameambiwa kwamba almasi ya kweli haivunjiki, anaweza kuiponda riziki yake kwa mkono wake mwenyewe, na vipande vikitawanyika ataamini kwamba alichookota kilikuwa kioo. Aliyemaliza kidato cha nne katika kijiji hicho angepaswa kuwa wa kwanza kumshika mkono.

Sasa moto. Hapa tunachanganya mambo manne: kupitisha joto, kuungua, kugeuka, na kuyeyuka.

Katika kupitisha joto almasi haina mshindani miongoni mwa mawe. Shaba, tunayoisifu darasani, hupitisha joto kwa kipimo cha wati 400 hivi kwa mita kwa nyuzi; almasi safi hufikia 2,000 na zaidi, yaani mara tano. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba metali ndizo zipitishazo joto kwa sababu ya elektroni huru atauliza, na ana haki ya kuuliza: almasi haina elektroni huru, wala haipitishi umeme, joto linapitaje? Linapita kwa mtetemo. Atomi nyepesi zilizofungwa kwa vifungo vikakamavu hupokezana mtetemo upesi mno. Sauti yenyewe husafiri ndani ya almasi kwa mwendo wa kilomita zipatazo 18 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo almasi huhisika baridi ikiguswa, na ukungu wa pumzi hutoweka juu yake mara moja. Vyombo vidogo vya wafanyabiashara wa vito hupima sifa hiyo hiyo, ingawa jiwe la silikoni kabidi, lililoanza kuuzwa kama kito mwishoni mwa miaka ya 1990, huvidanganya, kwa kuwa nalo hupitisha joto vizuri.

Kuungua ni jambo jingine. Almasi ni kaboni, na kaboni ni kuni. Katika miaka ya 1690 huko Florence, Averani na Targioni waliielekezea almasi jua kwa lenzi kubwa, nayo ikatoweka, yakuti ilibaki. Mwaka 1772 Antoine Lavoisier na wenzake walirudia majaribio ya namna hiyo mjini Paris. Sonara mmoja aitwaye Maillard, asiyekubali kwamba mawe yake yanaweza kupotea, alizifukia almasi zake katika unga wa mkaa ndani ya chombo cha udongo kilichozibwa, vikachomwa kwa saa kadhaa, na zikatoka salama. Sonara alidhani ameshinda. Kwa hakika aliwapa wanasayansi ushahidi waliouhitaji sana: kwamba moto peke yake hauiangamizi almasi, bali moto pamoja na hewa. Lavoisier aliona kwamba hewa inayotokana na almasi iliyoungua huyafanya maji ya chokaa kuwa meupe, kama ifanyavyo hewa itokanayo na mkaa. Mwaka 1797 Smithson Tennant, Mwingereza, alipima na kukuta kwamba uzito ule ule wa almasi na wa mkaa hutoa kiasi kile kile cha kaboni dioksidi. Naona ni ajabu kwamba jaribio hili, lililo safi kuliko mengi tunayoyafundisha, halipewi hata ukurasa mmoja.

Katika hewa ya kawaida almasi huanza kuungua kwenye nyuzi zipatazo 700 hadi 900 za sentigredi, kutegemea ukubwa wake. Moto wa mhunzi uliovuviwa kwa mivukuto hupita nyuzi 1,000. Sonara mwangalifu anayetengeneza pete bila ya kung'oa kito hukipaka kwanza asidi ya boriki, ili ifanye utando wa kuizuia oksijeni. Yakuti haihitaji hofu hiyo. Yakuti ni oksidi ya alumini, nayo imekwisha kushika oksijeni yake tangu zamani. Haina cha kuungua.

Je, pasipo hewa? Hapo almasi hustahimili sana, lakini si milele. Kwenye kanieneo ya kawaida, umbo la kaboni lililotulia zaidi ni grafiti, si almasi. Almasi tuliyo nayo mkononi ni kama jiwe lililokwama kwenye kishimo katikati ya mteremko: lingependa kuteremka, lakini ni lazima kwanza lipandishwe ukingo wa kishimo hicho. Ili atomi zijipange upya ni sharti vifungo vivunjwe, na katika joto la kawaida hakuna nishati ya kutosha kuvivunja, hata tukingoja umri wa dunia. Ikipashwa moto pasipo oksijeni, mpaka kufikia nyuzi 1,500 hivi na kupita hapo, ukingo unavukwa, na almasi hugeuka grafiti nyeusi. Kwa sababu hiyo ile namba ya "kiwango cha kuyeyuka cha almasi" inayochapwa katika majedwali mengi, nyuzi 3,550, inapotosha. Kwenye kanieneo ya kawaida almasi haifiki huko ikiwa almasi. Ili iyeyuke ni lazima ibanwe kwa kanieneo kubwa sana.

Na tazama kinyume kinachotokea. Grafiti ni laini, huacha alama kwenye karatasi, hutumika kulainishia vyuma. Majamvi yake yamenyooka, na kila kaboni ina majirani watatu tu kwa umbali wa nanomita 0.142, ufupi unaozidi ule wa almasi. Baina ya jamvi na jamvi mna nanomita 0.335, na hapo ndipo yanapoteleza. Lakini ndiyo inayotengenezewa vyungu vya kuyeyushia metali. Kilicho laini kinastahimili joto kuliko kilicho kigumu! Mwanafunzi akilielewa hilo, neno "ngumu" halitamdanganya tena. Nchi yetu imejaliwa vyote viwili: almasi katika Mkoa wa Shinyanga, na grafiti katika milima ya Mahenge na huko Ruangwa, mkoani Lindi.

Mwadui yenyewe inaweza kuwa somo zima. Mjiolojia John Williamson, mzaliwa wa Kanada, aliugundua mwamba ule mwaka 1940, na mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo baada ya kukatwa ilibaki na karati 23.6. Watu hukumbuka kwamba alipewa binti mfalme wa Uingereza. Ningependa wakumbuke pia ilivyofika juu. Almasi huundwa kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi, penye kanieneo ya makumi ya maelfu ya kanieneo ya hewa na joto la nyuzi 900 hadi 1,300. Katika safari ya kuja juu kanieneo inapungua hali joto lingalipo. Hapo ndipo hatari ilipo. Volkeno za kimbalaiti zilizipandisha upesi mno, kwa saa au siku chache, zikapoa kabla ya kugeuka. Huko Beni Bousera, kaskazini mwa Moroko, mambo hayakwenda hivyo. Mwamba ulipanda polepole ungali na joto. Mwaka 1989 wataalamu walieleza kwamba mawe yaliyomo humo yana umbo kamili la nyuso nane, kingo na ncha zikiwa mahali pake, lakini ndani yake hamna almasi. Ni grafiti tupu. Umbo lilibaki kama kaburi la kitu kilichokuwamo.

Sisemi kwamba sifa za almasi ni za uwongo. Mwaka 1978 chombo cha Marekani cha Pioneer kilipoteremka katika anga ya Zuhura, dirisha la kimojawapo cha vipimo vyake lilikuwa la almasi, la karati 13.5. Lilichaguliwa kwa kuwa huipitisha miali ya infraredi na huvumilia joto na kanieneo ya huko. Lakini joto la Zuhura ni la nyuzi 460 hivi, na hewa yake karibu yote ni kaboni dioksidi. Mhandisi aliyelichagua dirisha hilo hakutosheka na kusema "almasi ni ngumu". Aliuliza: joto kiasi gani, katika hewa gani, kwa muda gani?

Maswali hayo matatu ndiyo ninayoyataka darasani, na mlango wa kuyaingiza ni mtihani, kwa maana walimu wetu, tukubali tusikubali, hufundisha kile kitakachoulizwa. Maadamu swali litaendelea kuwa "taja sifa tatu za almasi", mwanafunzi ataendelea kutaja. Watungaji wa mitihani wanaweza kuuliza hivi: Kipande cha almasi, cha grafiti na cha yakuti, vyote vya uzito mmoja, vimetiwa katika tanuri lenye hewa kwa nyuzi 1,000 kwa saa kadhaa, vingine vitatu vimetiwa katika tanuri lisilo na hewa kwa nyuzi 1,800. Eleza utakachokikuta katika kila tanuri, na kwa nini.